Shujaa wa runinga apewe mzazi mwenye macho

Mhariri,

Tamthilia za vijana wenye nguvu za ajabu zinapojadiliwa nchini, mazungumzo hukwama mahali pawili: kama tuna pesa za kuonyesha kijana akipaa juu ya mapaa ya mtaa wa Umoja, na kama vipindi vya aina hiyo vinawafunza watoto ukaidi. Sisi tunaoandika na kuhariri miswada ya runinga hapa Nairobi tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuseme jambo la tatu, ambalo kwetu ndilo zito. Tamthilia hizi hufaulu au huanguka kwa namna zinavyomwandika mzazi. Kijana anayepaa ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni mtu aliyebaki nyumbani, chakula kimepoa, simu haishikwi.

Chukua Smallville, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 2001 hadi 2011 kwa misimu 10 na vipindi 217. Katika kipindi cha kwanza Clark Kent, kijana kutoka sayari nyingine atakayekuja kuwa Superman, anampelekea baba yake mlezi, Jonathan, fomu ya ruhusa ili ajiunge na timu ya kandanda ya Kimarekani shuleni. Jonathan hatii sahihi. Anajua kijana huyu akimkumba mwenzake uwanjani atamuumiza hata bila kutaka. Clark naye amechoka kutazama wenzake wakicheza. Kila mmoja ana haki yake, na hakuna hata cheche moja ya kompyuta iliyotumika hapo. Anayetaka kujifunza kazi hii atazame mvutano huo mara tano kabla hajafikiria vita.

Kilichowawezesha waandishi kufika hapo mapema hivyo ni uamuzi mmoja: wazazi wanaijua siri. Jonathan na mkewe Martha ndio waliomwokota mtoto siku ya mvua ya vimondo mwaka 1989, na chombo kilichomleta wamekificha wao. Kwa hiyo swali linalombana mtazamaji si "wazazi watajua lini?" bali "watu wanaopendana watafanya nini na jambo wanalolijua?" Swali la kwanza hujibiwa mara moja likaisha. La pili liliibeba familia ile kwa miaka.

Jonathan alipokufa, katika kipindi cha 100 kilichoonyeshwa Januari 2006, kifo chake kilikuwa kimeandaliwa kwa muda mrefu. Msimu wa tatu ulipoanza alikuwa amefanya mapatano na Jor-El, baba mzazi wa Clark, akaazimwa nguvu ili amrudishe Clark nyumbani, na moyo wake ukadhoofika kwa sababu hiyo. Alianguka usiku uleule aliposhinda kiti cha useneta wa jimbo, baada ya kukabiliana na tajiri Lionel Luthor. Mtazamaji alikuwa amekula na mzee yule mezani kwa miaka minne na ushei. Ndiyo maana alilia.

Sasa linganisha na mswada ambao mzazi anauawa ukurasa wa tatu. Wengi wanaoanza kuandika hufanya hivyo, na sababu zinajulikana. Mzazi akiondoka, hakuna wa kumwuliza kijana anatoka wapi saa nane za usiku. Huzuni inapatikana bila jasho. Na mtayarishaji anadhani ameokoa malipo ya mwigizaji mmoja.

Hiyo ya mwisho ni hesabu mbovu, na tungependa watayarishaji waipige upya. Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya picha. Mazungumzo ya jikoni ya kurasa nne, waigizaji wawili, taa zilizokwisha kupangwa, humalizika kabla ya chakula cha mchana. Ukurasa mmoja wa mapigano barabarani unaweza kumeza siku nzima: kibali cha kupiga picha, kufunga njia, mpangaji wa mapigano, mtu wa kuruka badala ya mwigizaji, jenereta ya taa za usiku, kisha siku nyingi za mhariri wa picha akifuta kamba zilizomshika shujaa hewani. Kipindi cha dakika 26 kikiwa na kurasa tatu za mapigano, kurasa 23 zilizobaki lazima zijazwe na watu. Ukiwa umemwua mama na baba, utazijaza na nani? Utazijaza na marafiki wanaoelezana yale mtazamaji aliyoyaona kwa macho yake. Tena kanuni za utangazaji nchini zinataka vipindi vya kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku viwe vya kutazamwa na familia nzima, hivyo hata mapigano yenyewe yatapunguzwa makali. Ugomvi wa nyumbani ndio utakaobeba uzito.

Kosa la pili ni upofu, nalo ni baya kuliko kifo. Kijana anaingia saa tisa usiku, shati limeungua bega, na mama anauliza, "Umekula?" kisha anarudi kulala. Mwandishi amemfanya mama mjinga ili siri idumu. Mtazamaji wa Nairobi hakubali, kwa sababu anajua nyumba zetu. Katika nyumba ya chumba kimoja iliyogawanywa kwa pazia, mama anasikia mtoto akigeuka kitandani. Katika nyumba ya vyumba viwili, wavulana hulala sebuleni, na anayeingia huwakanyaga wengine. Choo na bafu ni vya ploti nzima, yaani vyumba vyote vya kupanga ndani ya ua mmoja. Nguo huanikwa kwenye kamba mbele ya majirani, na shati lenye damu lina mashahidi kumi kabla halijakauka. Geti la ploti hufungwa usiku na ufunguo una mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza kwa mwandishi: kabla ya kuamua nguvu za shujaa, chora ramani ya nyumba. Nani analala wapi, mlango unafunguka upande gani, una kelele au hauna, ufunguo wa geti uko kwa nani na hufungwa saa ngapi. Kisha andika karatasi ya pesa: kodi ni kiasi gani, nani analipa karo, deni la dukani limefika ngapi, nani anatumiwa pesa mashambani kila mwezi. Familia ambayo hujui inakula nini tarehe 25 ya mwezi huijui. Baada ya hapo ndipo uchague nguvu, na uzichague zigongane na nyumba hiyo.

Tueleze kwa mfano. Kijana ana nguvu za umeme. Nyumba inatumia mita ya tokeni, umeme wa kulipia kabla. Mama hununua tokeni za shilingi 200 na anajua zinamfikisha siku ngapi, maana ndiye anayezihesabu. Wiki hii zimeisha kwa siku mbili. Anamshuku jirani kwamba amejiunganishia waya, wanakosana, anapiga kelele kwenye ngazi. Anazima kila kitu na kusimama mbele ya mita usiku. Namba zinashuka huku nyumba ikiwa gizani, na kijana amelala na mkono ukutani. Mama amegundua mwenyewe kwa akili yake. Hakuna aliyekiri, hakuna barua iliyosahauliwa mezani, na ugomvi na jirani umebaki kuwa deni la kulipwa kipindi kijacho.

Ushauri wa pili ni ngazi ya siri. Kwa msimu wa vipindi 13, panga mapema nani anajua lini, na kila anayejua alipe kitu. Mdogo anayelala kitanda kimoja na shujaa hawezi kupita kipindi cha kwanza bila kujua. Mwangalizi wa ploti anayefungua geti ajue cha tatu, na adai ujira wake. Nyanya ajue cha nne, lakini asiseme kwamba anajua hadi cha nane. Mama asipite cha sita. Tumeweka sita kwa sababu ya hesabu ya uongo: kila uongo unahitaji mwingine wa kuuziba, na kila mmoja hula onyesho zima. Ukifika katikati ya msimu bila mama kujua, shujaa wako ameanza kuonekana tapeli, na mama amekwisha kuwa kipofu. Baba, ikiwa anafanya kazi mbali, anaweza kungoja hadi cha tisa, lakini ajulishwe na mama wala si na kijana, kwa sababu hapo ndipo tutakapoona kama wawili hao bado ni wazazi wa pamoja.

Swali la kutisha zaidi hutokea mzazi mwenyewe anapokuwa na nguvu. Black Lightning, iliyoanza Januari 2018 na kukamilika Mei 2021 kwa vipindi 58, ilimweka katikati Jefferson Pierce, mwalimu mkuu wa shule ya upili ya Garfield katika mji wa kubuni wa Freeland. Alikuwa ameliweka kando vazi lake la ushujaa kwa miaka tisa, kwani mkewe Lynn alishindwa kuishi na mume anayerudi amejaa majeraha, wakaachana. Binti zao ni Anissa na Jennifer. Katika msimu wa kwanza Jefferson anapigana na mtu aliyefunika uso, anamshinda kwa umeme wake, kisha anagundua kwamba ni Anissa. Tunaitaja sehemu hiyo kila tunapoulizwa maana ya siri ndani ya familia: kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake kwa kunyamaza, na kunyamaza ndiko kulikomwangusha binti sakafuni kwa mkono wa baba yake.

Katika tamthilia hiyohiyo Jennifer, aliye bado shuleni, anapojua ana nguvu, anakasirika. Anataka maisha ya kawaida. Mara chache runinga imempa kijana nafasi ya kusema "sitaki" na wazazi wakalazimika kumsikiliza. Na ugumu wa Jefferson ni kwamba anawakataza mabinti kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukiacha. Mzazi anayevuta sigara akimkanya mwanawe anaujua mkao huo.

Upande wa malezi, mfano tunaoupenda ni Stargirl, vipindi 39 kati ya 2020 na 2022. Mama yake Courtney, msichana anayekuwa shujaa, anaitwa Barbara, naye ameolewa na Pat Dugan, nao wamehamia mji mdogo wa Blue Valley. Courtney hamtaki baba huyu wa kambo. Anaamini baba yake mzazi alikuwa shujaa aliyekufa. Pat ni fundi wa magari, na roboti lake kubwa amelitengeneza kwa vipuri vya magari. Baba mzazi halisi anapokuja kujitokeza, kinachomleta ni mkufu aliomwachia binti akiwa mdogo, na anautaka arudishiwe. Hakuna hotuba inayofuata kuhusu ubaba. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea: Wamarekani wale wameonyesha methali yetu kwa mkufu mmoja. Fundi kama Pat akihamishiwa Nairobi hahitaji kubadilishwa chochote. Mpe kibanda karibu na Kirinyaga Road, mpe mikono yenye grisi, na mpe mtoto wa mke wake asiyetaka kumwita Baba. Mwandishi akumbuke pia kwamba Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53(1)(e), inawapa mama na baba wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Baba aliyetoweka anaporudi akiwa na madai kwa sababu mtoto amekuwa maarufu, hapo kuna kesi mahakamani yenye vipindi vitatu ndani yake, bila mlipuko hata mmoja.

Na wazazi wakiwa ndio waovu? Runaways ya 2017 hadi 2019, vipindi 33, ilijengwa juu ya jambo hilo: vijana sita wanagundua kwamba wazazi wao ni kundi la siri linaloua. Waandishi hawakuwafanya wazazi hao mazimwi matupu, kwani kila mmoja anajiambia kwamba anafanya kwa ajili ya mtoto wake. Hapa kwetu njia fupi ya kufika mahali hapo ni karo. Kijana anamfuata mwuzaji wa dawa bandia hadi kwenye ghala, anavunja mlango, na kwenye daftari anaona mwandiko wa baba yake. Karo ya muhula huu imelipwa na kitu gani? Viatu vya mdogo wake je? Nguvu za mwili hazina msaada hapo, naye anaporudi nyumbani atamkuta baba huyohuyo akimsaidia mdogo kufanya hesabu za shule.

Shule yenyewe inasahaulika sana. Wanafunzi wengi wa sekondari nchini hulala bwenini, na waandishi huona bweni kuwa kikwazo kwa sababu linamtenga shujaa na wazazi. Litumike. Siku ya wazazi kuja, mama ana saa chache tu, kapu la chapati na kuku, na macho. Ndani ya muda huo ataona kovu jipya, atahesabu kilo zilizopungua, atamwuliza mwalimu swali moja lisilo la kawaida. Halafu kuna adhabu ambayo kila aliyesoma Kenya anaijua: nenda nyumbani, urudi na mzazi. Kijana aliyetoroka usiku kwenda kuokoa watu hawezi kumwambia mama ukweli, kwa hiyo anafanya lile ambalo vijana wetu wamelifanya tangu zamani: anamlipa mtu wa bodaboda ajifanye mjomba. Mjomba huyu wa kukodi ni zawadi kwa mwandishi. Ataingia ofisini kwa mwalimu mkuu kwa mzaha, atasomewa orodha ya makosa, na katikati ya kusikiliza ataanza kumhurumia kijana kwelikweli. Kufikia mwisho wa msimu yeye ndiye atakayempeleka hospitali. Na siku mama atakapokutana naye getini, mtazamaji atashika moyo.

Lipo jambo moja ambalo Wamarekani hawawezi kutuandikia: majina. Hadithi hizi hupenda nguvu zinazorithiwa, na kwa kawaida urithi huletwa na vimondo au maabara. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mama aweza kumwita mwanawe huyo wa pili "Baba". Fikiria uzito wa hilo nguvu za babu zinapoamka ndani ya mtoto aliyebeba jina lake. Mama anamkanya mwanawe na papo hapo anamheshimu baba yake. Ms. Marvel, vipindi sita vya 2022, ilipita karibu na hapo: bangili iliyoamsha nguvu za Kamala Khan, binti aliye shujaa wa tamthilia hiyo, ilitoka kwa mama wa nyanya yake, na baba ndiye anayemweleza maana ya jina lake, Kamal, neno la Kiarabu la ukamilifu ambalo msemaji wa Kiswahili analisikia ndani ya "kamili". Baba huyohuyo, katika kipindi cha kwanza, alikuwa amevaa nguo za kijani kama shujaa Hulk ili amsindikize binti kwenye tamasha la mashabiki wa mashujaa, naye binti akamwonea aibu. Na vazi la ushujaa ambalo Kamala analivaa mwishoni ameletewa na mama yake. Mama aliyekataza ndiye aliyetoa vazi. Ukiandika hivyo, huhitaji kueleza kwamba wamepatana.

Kuhusu mazungumzo, tuseme machache. Mzazi wa Nairobi akikasirika sana huhama lugha, na mtoto hujua kiwango cha hatari kwa lugha inayotumika. Sheng ya kijana, lugha ya vijana wa mitaani, ibaki kwa wenzake na kwa mdogo wake. Akiongea na mama hunyooka, na asiponyooka iwe ni tukio. Mama aitwe kwa jina la mtoto wake na majirani, kwa kuwa siku shujaa atakapofichuliwa jina hilo ndilo litakaloburutwa. Mzazi wetu pia aghalabu haombi msamaha kwa maneno. Humwita mtoto aje ale, au humwekea kipande cha nyama ambacho hakukiweka kwa mwingine. Mwandishi anayeweka "nisamehe mwanangu, nilikosea" kinywani mwa baba wa mtaa wa Kayole atasikia mtazamaji akibadilisha stesheni. Kofi nalo lisiandikwe kuwa kichekesho. Likipigwa, kila aliye chumbani alikumbuke vipindi vitatu baadaye.

Jaribio tunalolitumia tunaposoma mswada wa mtu ni jepesi. Tunamwondoa kijana kwenye kila onyesho lenye mzazi na kuuliza mzazi huyo amebaki na nini cha kufanya. Kama hana chama cha akiba, hana deni, hana mgonjwa, hana cheo anachokitafuta kazini, huyo hajaandikwa bado. Mswada unarudishwa.

Tunawaomba waandishi wa ukurasa wako wa burudani nao walitumie. Tamthilia ya aina hii itakapotengenezwa hapa Nairobi, wasianze kwa kuuliza kama moto ulionekana wa kweli. Waulize ufunguo wa geti ulikuwa na nani usiku ule, na mwenye ufunguo alimwambia nini kijana alipobisha.

Waandishi na wahariri wa miswada ya runinga,
Nairobi